Barua ya wazi kwa wanaosimamia ufadhili wa masomo ya afya ya uzazi: mmelipa ada, lipieni na swali

Kwa wasimamizi wa mifuko ya ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamivu, kwa wakuu wa vyuo vikuu, na kwa wajumbe wa kamati za maadili ya utafiti,

YAH: UFADHILI WA WANAFUNZI WA UZAMILI NA UZAMIVU KATIKA AFYA YA UZAZI NA UJINSIA

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari kilichotajwa hapo juu.

Ninawaandikia nikiwa msimamizi wa tasnifu za wanafunzi wa afya ya uzazi na ujinsia, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi, na ambayo nisingeipata kama mimi mwenyewe nisingesomeshwa kwa fedha za ufadhili kama hizo mnazozisimamia. Siandiki, basi, kama mpita njia. Ninawashukuru kwa dhati, na ni shukrani hiyo inayonisukuma kusema waziwazi jambo ambalo sisi wasimamizi tumekuwa tukilinong'onezana kwenye korido baada ya vikao vya kutahini: kwamba ufadhili wa masomo katika fani hii humlipia mwanafunzi ada, humlipia posho ya kujikimu, mara nyingine hata nauli ya ndege, lakini haulilipii swali alilokuja nalo. Swali ndilo linalokula fedha na muda kuliko kitu kingine chochote katika utafiti wa afya ya uzazi, na kwa kuwa halina fungu lake katika bajeti zenu, ndilo linaloachwa njiani.

Kwenye rafu ya ofisi yangu kuna jalada la rangi ya kahawia ambalo sijapata moyo wa kuliondoa. Ndani yake mna andiko la utafiti, mwongozo wa mahojiano uliosahihishwa kwa kalamu nyekundu hadi pambizo zikajaa, na barua nne za kamati ya maadili. Mwenye jalada hilo alikuwa muuguzi katika kliniki ya vijana kabla ya kuja kusoma shahada ya uzamili. Kwa miaka kadhaa aliwaona wasichana wa miaka 16 na 17 wakija mara moja kuchukua vidonge au kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, kisha wasionekane tena, na baadhi yao wakaja kuonekana wakiwa tayari wajawazito. Idadi yao aliijua, kwa sababu daftari la kliniki lilikuwa mbele yake kila siku. Alichotaka kukijua ni kile kilichotokea kati ya siku ya kwanza waliyofika na siku ya marudio ambayo hawakufika, na jambo hilo halipatikani daftarini. Hupatikana kwa kukaa na wasichana wenyewe, mmoja mmoja, na kuwasikiliza.

Taratibu za chuo hazikumruhusu kupeleka andiko lake kwenye kamati mpaka amalize masomo ya darasani, na masomo hayo yalichukua miezi 12. Barua ya kwanza ya kamati ilimtaka apate ridhaa ya maandishi ya mzazi wa kila msichana. Alijibu kwamba msichana aliyekwenda kliniki kwa siri, ukimpelekea mzazi wake fomu ya ridhaa, umekwisha kumfichua kabla hujamuuliza swali la kwanza. Aliambatisha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu maadili ya utafiti wa afya ya uzazi na ujinsia kwa vijana balehe, unaokubali kwamba yapo mazingira ambamo sharti la ridhaa ya mzazi linaweza kuondolewa kwa ajili ya usalama wa kijana mwenyewe. Barua ya pili ilitaka ufafanuzi zaidi. Ya tatu ilitaka kibali cha mamlaka nyingine, ambayo nayo ilikuwa na fomu zake, ada yake na kalenda yake ya vikao. Ya nne ilikuwa ya kukubali. Tangu alipowasilisha andiko hadi barua hiyo ya nne ilipita miezi 11, na ufadhili wake ulikuwa wa miezi 24.

Alibakiwa na mwezi mmoja wa kuwatafuta wasichana, kuzungumza nao, kunukuu mahojiano, kuyachambua na kuyaandika. Alifanya alilomudu. Alipakua data za utafiti wa kitaifa wa kaya, akaandika tasnifu safi kuhusu viwango vya matumizi ya uzazi wa mpango kwa rika na kwa elimu, akafaulu vizuri. Nilimpongeza kwa moyo mmoja, maana aliifanya kazi hiyo kwa umakini. Hata hivyo wale wasichana hawakuulizwa lolote, na kliniki aliyotoka haijui leo zaidi ya ilivyojua siku alipoiaga.

Sitaki nieleweke kwamba ninaishutumu kamati kwa kuwa makini. Historia ya utafiti wa uzazi ina madonda ya kutosha ya wanawake waliofanyiwa mambo bila kuulizwa, na kamati inayouliza mara mbili kuhusu mtoto wa miaka 16 inatimiza wajibu wake. Ninachokilalamikia ni kwamba tangazo la ufadhili liliandikwa kana kwamba kamati hiyo haipo. Mwanafunzi anayepima uimara wa zege na mwanafunzi anayewahoji wanawake waliobakwa wamepewa miezi ileile 24, ilhali mmoja wao hawezi hata kugusa kazi yake kabla ya kupata vibali viwili au vitatu. Katika fani yetu, muda wa kibali ni sehemu ya utafiti na unapaswa kulipiwa kama sehemu nyingine zote.

Kimbilio ambalo mwanafunzi huyo alilipata sasa nalo limetikisika. Programu ya tafiti za idadi ya watu na afya, iliyoanza mwaka 1984 kwa fedha za serikali ya Marekani na kukusanya takwimu za kaya katika nchi zaidi ya 90, ilisitishwa na mfadhili huyo mapema mwaka 2025. Sijui idadi ya tasnifu nilizozisimamia ambazo zilisimama juu ya data hizo. Ni nyingi mno. Kwa miaka yote hiyo, mwanafunzi ambaye hakuwa na fedha za kwenda uwandani aliweza angalau kupakua data zilizokusanywa kwa fedha za wengine na kufikiri juu yake. Juhudi za kuziokoa tafiti hizo zimefanyika, nami nawaombea heri wanaozifanya, lakini hakuna mwanafunzi anayeanza masomo leo anayeweza kupanga tasnifu yake kwa kutegemea takwimu mpya zitakazotoka mwaka fulani. Maana yake ni kwamba uzito wa kukusanya data umerudi mabegani mwa mwanafunzi mmoja mmoja, wakati fungu la kukusanyia data katika ufadhili wake ni dogo au halipo kabisa.

Mtaniuliza kama swali la mwanafunzi mmoja lina uzito wa namna hii. Naomba tuitazame mifano.

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wanawake wazazi duniani. Mkunga aliye zamu usiku hutazama damu iliyolowa kwenye shuka, iliyodondoka chini ya kitanda na iliyoganda kwenye beseni, kisha hukadiria kwa macho kuwa imefika kiasi gani. Macho hukosea, na mara nyingi hukosea kwa kuona damu ni kidogo kuliko ilivyo. Mama akianza kupauka na kutokwa jasho la baridi, dakika zilizokuwa za thamani zimekwisha kupita. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuwahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipewa shuka la plastiki lenye mfuko ulioandikwa vipimo, linalotandikwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa, ili damu ionekane imefika mililita ngapi. Na hatua za tiba ambazo zamani zilifuatana kwa kusubiriana zikatolewa kwa pamoja. Matokeo mabaya yaliyokuwa yakipimwa, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ni kupoteza damu ya lita moja au zaidi, yalipungua kwa asilimia 60.

Naomba mlione jambo moja ndani ya jaribio hilo. Dawa zote zilizotumika zilikuwa zikijulikana. Ile iitwayo asidi ya traneksamiki ilikuwa imekwisha kuthibitishwa mwaka 2017, kwa utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, kwamba hupunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa mapema, ndani ya saa tatu. Kilichokuwa kimekosekana ni jibu la swali la wodini: kwa nini tiba tunayoijua huchelewa kumfikia mama anayeihitaji? Swali la aina hiyo haliulizwi kwa urahisi na mtu ambaye hajawahi kusimama kando ya kitanda hicho, na wengi wa wanaosimama hapo ni watu ambao masharti ya ufadhili wenu yanawaacha nje, kama nitakavyoeleza.

Mfano wa pili unahusu kusomesha kwenyewe. Mwaka 1988 Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilicho chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kilianzisha programu ya kuwasomesha watafiti wa UKIMWI kutoka nchi zisizo na uwezo. Tawi lake la kusini mwa Afrika, lililosimamiwa na Profesa Quarraisha Abdool Karim wa Afrika Kusini, limesomesha mamia ya wanasayansi. Mwaka 2010 profesa huyo pamoja na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la CAPRISA 004, lililoonyesha kwamba jeli yenye dawa ya tenofovir, ambayo mwanamke huitumia mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu, ilipunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 39. Majaribio yaliyofuata hayakupata matokeo hayo, na jeli yenyewe haikuwafikia wanawake. Angekuwepo mhasibu wa kuhesabu faida ya ufadhili mwaka 2015, huenda angeandika hasara. Lakini maabara zilikuwa zimejengwa, kliniki zilikuwa zimezoea taratibu za majaribio, na watu walikuwa wamesoma. Mwaka 2024 sindano ya lenakapaviri ya kuzuia maambukizi ya VVU, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilipojaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda, kati ya 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kazi hiyo ilifanyika mahali ambapo watu walikuwa wakisomeshwa kwa zaidi ya miongo mitatu. Ndiyo maana ninawasihi msiupime ufadhili wa wanafunzi kwa miaka miwili au mitatu ya mkataba.

Sasa niseme juu ya wanaoachwa nje. Ninamfahamu mkunga mmoja ambaye hubeba daftari dogo lenye jalada gumu kwenye mfuko wa sare yake. Si daftari la kazi. Ni lake mwenyewe. Aliwahi kunionyesha kurasa chache. Ukurasa mmoja ulikuwa na swali moja tu, kwa maandishi ya haraka ya mtu aliyesimama: kwa nini salfeti ya magnesiamu ipo kabatini, na ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani? Mwingine uliuliza kwa nini mama aliyempoteza mtoto wake alazwe katikati ya akina mama wanaonyonyesha. Salfeti ya magnesiamu ilithibitishwa mwaka 2002, kwa jaribio la wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, kwamba hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Sayansi ya dawa imekwisha kujibu. Swali la ufunguo bado, na sijawahi kuona tasnifu iliyoliuliza vizuri kama lilivyoulizwa kwa kalamu ya wino kwenye daftari lile.

Mkunga huyo ana miaka 46. Alianza kwa cheti, akapanda hadi stashahada, kisha akapata shahada ya kwanza kwa kusoma huku akifanya kazi za zamu. Matangazo ya ufadhili ya karibuni niliyoyasoma naye yalimtaka mwombaji wa uzamili awe hajazidi miaka 35, na mengine yalitaka shahada ya kwanza iwe imepatikana ndani ya miaka mitano iliyopita. Nafahamu hoja ya masharti hayo: kijana ana miaka mingi mbele ya kuitumikia jamii kwa elimu aliyopewa. Hoja hiyo inasahau kwamba wakunga na wauguzi hupanda ngazi ya elimu polepole, kwa sababu kila hatua wanalazimika kwanza kurudi wodini kufanya kazi. Umri unaowafikisha kwenye swali zuri ndio umri mnaowafungia mlango. Naomba ukomo wa umri uondolewe kabisa katika ufadhili wa fani hii, na pale ambapo sheria ya mfuko hairuhusu, basi miaka ya kazi ya kitabibu ipunguzwe kwenye hesabu ya umri.

Kuna jambo jingine ambalo linaniumiza zaidi kulisema, kwa kuwa linahusu uzazi wenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamivu alipata ujauzito katika mwaka wake wa pili. Aliuandikia mfuko uliokuwa ukimfadhili kuomba likizo, akajibiwa kwamba mkataba hauna kipengele cha uzazi: anaweza kusimamisha masomo kwa hiari yake, bila posho, na tarehe ya mwisho ya ufadhili itabaki palepale. Alijifungua mwezi wa Juni, na mwezi wa Agosti alikuwa uwandani akiwahoji wanawake kuhusu huduma baada ya kujifungua, huku mtoto wake akiwa amebaki na dada yake kwenye chumba cha kupanga karibu na kituo cha afya. Kila baada ya mahojiano mawili alitoka kwenda kunyonyesha. Alinisimulia kwamba mmoja wa wanawake aliowahoji alimwuliza kama yeye mwenyewe amekwisha kwenda kliniki kwa uchunguzi wa wiki ya sita, naye hakuwa amekwenda.

Mwaka 1994, mjini Cairo, nchi 179 zilikubaliana kwamba kila mtu na kila wenzi wana haki ya kuamua kwa uhuru na kwa uwajibikaji idadi ya watoto wao, nafasi kati yao na wakati wa kuwazaa. Karibu kila mkataba wa ufadhili wa fani hii niliousoma unarejea makubaliano hayo katika aya zake za utangulizi. Haki ya wakati wa kuzaa haiwezi kuwa somo tunalomfundisha mwanafunzi darasani na wakati huohuo kuwa kosa la kumkatia posho. Likizo ya uzazi yenye malipo, inayosogeza mbele tarehe ya mwisho kwa miezi ileile, pamoja na fungu la mlezi wa mtoto wakati wa kazi za uwandani, ni mambo ya kuandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, ili mwanafunzi asilazimike kuyaomba kama fadhila.

Kuhusu mada zenyewe, nitasema kwa kifupi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba katika maisha yake, lakini mwanafunzi anayetaka kuusoma ugumba mahali ambapo uzazi ni mwingi huambiwa kwamba hilo si tatizo la watu wake. Anayetaka kusoma utoaji mimba usio salama hushauriwa na watu wanaomtakia mema atafute mada nyepesi ili asijiharibie jina. Anayetaka kusoma afya ya wanawake waliokoma hedhi haoni tangazo lolote linalomtaja. Wafadhili hupendelea mada ambazo matokeo yake yanapimika haraka, na wanafunzi hulisoma pendeleo hilo upesi, kwa hiyo kabla hata fomu haijafika mezani kwenu swali limekwisha kubadilishwa. Tangazo likitamka wazi kwamba mada ngumu zinakaribishwa, na kwamba mfuko utasimama na mwanafunzi endapo mada yake italeta maneno, litabadilisha mengi bila gharama kubwa.

Na wale wanaosoma habari za ukatili wanahitaji jambo la ziada. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 kuhusu utafiti wa ukatili wa majumbani ulikwisha kusema kwamba watafiti nao wanapaswa kuandaliwa na kusaidiwa, kwa sababu kusikiliza simulizi hizo siku baada ya siku kunawaumiza. Mwanafunzi aliye peke yake uwandani hana timu ya kumsaidia. Nimewahi kupigiwa simu usiku na mwanafunzi aliyekuwa amemaliza mahojiano ya siku hiyo na hakuweza kuzungumza. Tulikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akasema kesho ataendelea. Mshauri nasaha aliyelipwa kutoka kwenye fungu la utafiti angefanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimekaa upande wenu wa meza nikiwa mjumbe wa jopo la kuchagua waombaji. Mtasema kwamba fedha ni zilezile, na kwamba ukiongeza muda, ukiongeza fungu la uwandani, ukiongeza likizo ya uzazi na mshauri nasaha, idadi ya wanafunzi wanaofadhiliwa itapungua. Nakubali, itapungua. Tena nasema ipungue. Mfuko unaowasomesha wanafunzi kumi ambao wanane kati yao wamelazimika kuyaacha maswali yao umetoa shahada kumi na majibu mawili. Mfuko huohuo ukiwasomesha sita kwa ukamilifu utakuwa na majibu sita, na watu sita wanaojua kazi ya utafiti inavyofanywa tangu mwanzo hadi mwisho. Katika taarifa za mwaka, idadi ya walionufaika ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa, nami naelewa shinikizo mnalolipata kutoka kwa wanaowapa fedha. Hata hivyo lengo ambalo mataifa yamejiwekea ni vifo vya uzazi chini ya 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo mwaka 2030, na makadirio ya mwaka 2023 yalikuwa 197. Wanawake wapatao 260,000 walifariki mwaka huo kwa sababu za ujauzito na uzazi, zaidi ya 700 kwa siku, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini ya wastani. Umbali huo kati ya 197 na 70 hautafupishwa na wingi wa vyeti.

Wala si kwamba mfano wa kufuata haupo. Muungano uitwao CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika kwa ajili ya wasomi wa uzamivu katika afya ya jamii, huwachukua wahadhiri walioko kazini, huwasomesha wakiwa katika vyuo vyao wenyewe, huwakutanisha mara kwa mara kwa semina za pamoja, na huwagharamia utafiti wao. Msomi haondoki kabisa mahali swali lake lilipo. Kwa afya ya uzazi, ambako imani ya watu kwa mtafiti hujengwa kwa miaka na huvunjika kwa siku moja, kusomea karibu na uwanda ni jambo la msingi, na fedha zinazookolewa kwenye nauli na malazi ya ughaibuni zinatosha kugharamia sehemu kubwa ya hayo niliyoyaomba.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima zote, kwamba katika fani hii saa ya ufadhili wa utafiti ianze kuhesabiwa siku kibali cha maadili kinapotoka, na posho iendelee kulipwa mwanafunzi anapokisubiri. Kila mkataba uwe na fungu la utafiti lililotengwa na ada na posho, ambalo chuo hakiwezi kulihamishia kwenye matumizi mengine. Wakuu wa vyuo wawaruhusu wanafunzi kupeleka maandiko yao kwenye kamati wakiwa bado darasani. Na kamati za maadili ziwe na angalau mjumbe mmoja aliyewahi kufanya utafiti wa afya ya uzazi kwa vijana, ili mwanafunzi asiwe yeye ndiye anayewafundisha wajumbe mwongozo wa mwaka 2018 huku miezi ikimwishia.

Yule muuguzi wa kliniki ya vijana amerudi kazini na anafundisha wengine. Aliniambia hivi karibuni kwamba angeweza kulifungua tena jalada lake kwa shahada ya uzamivu, kama angepata mahali ambapo swali halitamzidi muda. Yule mkunga mwenye daftari anatimiza miaka 47 kabla ya dirisha lenu lijalo la maombi kufunguliwa. Ninaomba masharti mapya yatangazwe kabla ya siku hiyo, na niko tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoniitia, nikiwa na jalada hilo mkononi.

Natanguliza shukrani zangu.

Wenu mtiifu,
Msimamizi wa tasnifu za afya ya uzazi na ujinsia